Paka Anatapika Tena: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Paka akitapika mkekani, wengi wetu tunachukua tambara, tunafuta, tunamfukuza nje. Baada ya siku tatu anatapika tena, nasi tunafuta tena. Wiki zinapita, paka anakonda taratibu chini ya manyoya yake, na siku tunapomfikisha kwa daktari wa mifugo hatuna la kumweleza zaidi ya "anatapika sana." Kutapika ni dalili tu. Nyuma yake kunaweza kuwa na pupa ya kula, minyoo, uzi uliokwama utumboni, sumu au figo zilizochoka, na linalomsaidia paka mwenye shida moja linaweza kumuumiza mwenye nyingine. Kwa hiyo kabla hujafuta, tazama.

Kuna imani imekaa sana majumbani kwamba paka kutapika ndiyo kawaida yake. Siikubali. Paka mzima wa afya anaweza kutapika mara mojamoja, hasa donge la manyoya, kisha akaendelea na shughuli zake. Anayetapika kila wiki, mwezi baada ya mwezi, ana jambo, hata kama bado anakula na kucheza.

Lakini kwanza hakikisha si dharura. Zipo hali ambazo hazisubiri uchunguzi wa nyumbani: paka anatapika mara nyingi ndani ya saa chache na hata maji hayakai, matapishi yana damu, iwe nyekundu au chembe za kahawia iliyokolea, ambazo ni damu iliyokaa tumboni, yananuka kinyesi, tumbo limejaa na hataki liguswe, amelegea, fizi zimepauka. Hapo mchukue uende.

Ongeza hapo dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake akijikamua bila kutoa mkojo. Watu hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Kumbe njia ya mkojo imeziba, sumu zinarudi kwenye damu, na kutapika kwake kunatokana na hizo. Akikosa msaada, siku mbili au tatu zinatosha kummaliza.

Na kitoto cha paka ambaye hajachanjwa, akitapika, akaharisha, akaacha kula, usimpe hata usiku mmoja wa kusubiri. Upo ugonjwa wa virusi uitwao panleukopenia, ndugu wa parvo ya mbwa, unaoua vitoto haraka. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kitoto afikishe wiki 16. Kirusi chake hukaa muda mrefu, hata mwaka mzima, kwenye sakafu na matandiko. Kama umepoteza kitoto kwa dalili hizo, safisha kwa dawa ya klorini, na usilete mwingine kabla hajachanjwa.

Kama hakuna hatari ya namna hiyo, sasa tuulize swali ambalo linarukwa sana: je, kweli anatapika?

Kutapika kwenyewe kuna maandalizi. Paka anaacha alichokuwa akifanya, anajilamba midomo, anameza mate mara kwa mara, pengine anatoa mlio mzito usio wa kawaida yake. Kisha tumbo linakaza na kulegea, linakaza na kulegea, mpaka kitu kitoke. Kucheua hakuna jitihada hiyo. Anainamisha kichwa tu na chakula kinamwagika, kizima, hakijameng'enywa, mara nyingi kimeshikana kwa umbo la umio kilimotoka. Anayecheua tafuta tatizo kwenye umio au kwenye kasi yake ya kula, wala si kwenye utumbo.

Kukohoa ndiko kunakowapoteza wengi. Paka anachutama, kifua karibu na sakafu, shingo ameinyoosha mbele, anakwaruza koo, halafu hakitoki kitu. Mwenye nyumba anasema donge la manyoya limekataa kutoka. Mara nyingi ni pumu, maana paka nao huugua pumu, au ugonjwa mwingine wa mapafu. Paka wa namna hii anaweza kupewa dawa ya tumbo mwezi mzima bila nafuu yoyote. Chukua simu, umrekodi. Video ya sekunde 20 itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu paka akifika kliniki hujikunyata na kunyamaza kama hana neno.

Ukishajua ni kutapika, anza daftari. Kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye mlango wa jokofu kinatosha, ili kila mwenye macho nyumbani aandike. Kinachotakiwa ni hiki: "Jumanne, saa 11 alfajiri. Mara moja. Povu na maji ya njano, kijiko kimoja hivi. Chakula cha mwisho saa 1 usiku. Asubuhi amekula vizuri." Mstari kama huo unasema mengi. Njano ni nyongo, na nyongo na povu bila chakula ni matapishi ya tumbo tupu. Huyu alikuwa na njaa ya saa kumi. Ikirudi alfajiri tatu kwa mtindo uleule, jaribu kumpa chakula kidogo kabla ya kulala, uone kama mistari itapungua. Lakini chakula kisichomeng'enywa kinachotoka saa nane au kumi baada ya kuliwa ni habari nyingine kabisa: tumbo halisukumi chakula mbele, au njia imeziba, na hilo ni la daktari.

Andika pia siku zenyewe. Ukizitazama kwa wiki tatu utaona kama zinafuatana na siku ya samaki, siku ya kupuliza dawa ya mende, siku uliyofungua mfuko mpya wa chakula, au hazifuatani na chochote. Hata kutofuatana na chochote ni jibu, maana kunaelekeza ndani ya mwili badala ya jikoni.

Jikoni tuanzie kwenye sahani. Paka wawili au watatu wanaokula chombo kimoja hushindana, na mnyonge wao humeza bila kutafuna ili asinyang'anywe. Dakika tano baadaye chakula kiko sakafuni. Watenganishe, kila mmoja na kona yake, wasionane. Gawa chakula cha siku mara nne badala ya mbili. Tumia sinia pana, ukitandaze, badala ya bakuli la kina. Kwa paka mlafi, hilo peke yake linaweza kumaliza kesi ndani ya juma moja.

Kisha kitazame chakula chenyewe. Chakula cha kopo au samaki wa kuchemsha aliyeachwa sakafuni tangu asubuhi kwenye joto la Tanga au Mombasa, jioni si chakula tena. Chakula kikavu cha dukani nacho, mfuko ukiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani, mafuta yake huchacha na ukungu huingia kabla hujauona. Hamishia kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Ukitaka kubadili aina ya chakula, changanya kipya na cha zamani kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10.

Maziwa ya ng'ombe tumeyapamba sana katika picha za paka. Paka akishaachishwa ziwa, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua, na wengi huharisha au kutapika. Kinywaji cha paka ni maji.

Dagaa nao wana mambo yao. Wa kuanikwa chini huja na mchanga, waoshe, uwachemshe. Ng'onda ana chumvi nyingi mno kwa mnyama wa kilo tatu au nne. Samaki mbichi kila siku, bila kitu kingine, ana hatari isiyojulikana sana: baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka huanza kwa kukataa chakula na kutapika, kisha shingo inapinda, anayumba, anapata degedege. Kupika huua kimeng'enya hicho. Walio karibu na diko la samaki wamwangalie pia bunju, samaki anayejivimbisha, ambaye wavuvi humtupa ufukweni kwa sababu ya sumu yake. Paka akiokota bunju, kutapika ni mwanzo tu; kupooza kunafuata.

Donge la manyoya linasingiziwa mengi. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyotazama nyuma, hivyo nywele anazojilamba haziwezi kutemwa, zinamezwa. Nyingi hupita na kinyesi. Zikitoka kwa kutapika, utaona kitu kirefu, kilichosokotwa, chenye rangi ya manyoya yake. Ikiwa ni mara moja kwa kipindi kirefu, mchane kila siku, hasa mwenye manyoya marefu, na inatosha. Ikiwa ni kila wiki, jiulize kwa nini anajilamba kiasi hicho, au kwa nini utumbo haupitishi. Pitisha chanuo lenye meno ya karibu mgongoni mpaka mkiani, kisha kung'uta juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikitoa wekundu kwenye maji, ni kinyesi cha viroboto, chenye damu ya paka wako.

Minyoo usiisahau, hata kwa paka anayelala kwenye kochi. Vitoto hupata minyoo mviringo kwenye maziwa ya mama yao, na wakati mwingine huitapika mizima, mirefu, myeupe, inayojikunja. Ndiyo maana hupewa dawa kila baada ya wiki mbili tangu wakiwa na wiki 3. Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu yanaweza kumdhuru macho na ini, kwa hiyo dawa ya paka inawalinda wengine pia. Paka mkubwa anayekula mende na nyenje anaweza kupata minyoo inayong'ang'ania ukuta wa tumbo, na mnyoo mmoja wa hiyo unatosha kumtapisha kwa majuma bila kuonekana kwenye kipimo cha kinyesi.

Katika nchi za joto kuna jingine: mjusi. Mjusi kafiri wa ukutani anaweza kubeba minyoo bapa midogo ambayo, ndani ya paka, hukaa kwenye mirija ya nyongo na kuiziba. Paka huacha kula, hukonda, hutapika, na fizi na ndani ya masikio hugeuka manjano. Dozi ya kawaida ya dawa ya minyoo mara nyingi haimtoshi huyu, anahitaji kipimo kikubwa zaidi cha prazikwanteli kwa hesabu ya daktari. Ukienda kliniki, useme kama paka wako huwinda mijusi. Ni neno dogo linaloweza kubadili mwelekeo wa uchunguzi.

Sasa uzi, na hapa naomba usome polepole. Nyumba yenye cherehani, nyumba ya mvuvi mwenye mishipi, nyumba inayofungua vifurushi vya nyama vilivyofungwa kamba, zote zina kitu ambacho paka hawezi kukiacha. Kwa kuwa ulimi wake unavuta kila kitu kwenda nyuma, uzi ukishaingia mdomoni unaendelea kuingia. Mara nyingi sehemu yake hunasa chini ya ulimi huku ncha nyingine ikishuka utumboni. Utumbo unajikunja juu ya uzi huo uliokazwa, na uzi unaanza kuukata.

Kuangalia si kugumu ukiwa na msaidizi. Mfungeni paka kwa taulo, kichwa nje, kwenye mwanga mzuri. Shika kichwa kwa juu, vidole viwili nyuma ya mashavu, ukiinue kidogo. Kwa kidole cha mkono wa pili shusha taya kwa kugusa meno madogo ya mbele, na kidole gumba cha mkono huohuo kisukume kwa upole kutoka chini ya kidevu, katikati ya mifupa ya taya. Ulimi utainuka na utaona chini yake. Uzi unaweza kuwa mstari mwembamba tu, au jeraha jekundu. Ukiuona, usiuvute. Nasema tena, usiuvute, wala unaoning'inia nyuma chini ya mkia, kwa sababu kuuvuta kunapasua utumbo. Mfunike, mpeleke kliniki uzi ukiwa kama ulivyo. Asipokubali kufunguliwa mdomo, usipigane naye. Daktari atamlaza usingizi.

Sumu za nyumbani nyingi zinatoka kwenye mikono yenye huruma. Parasetamoli ndiyo mbaya kuliko zote: ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu tumbo na figo zake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini humtetemesha mpaka degedege. Dawa ya josho ya kuogeshea ng'ombe, hata ikiwa imezimuliwa, paka atailamba yote kwenye manyoya. Kitunguu na kitunguu saumu kwenye mchuzi unaomwagiwa makombo huharibu chembe nyekundu za damu. Na yale maua ya lili ya mashada ya harusi, hata unga wake wa njano ukilambwa manyoyani, huua figo ndani ya siku chache. Ukishuku sumu, chukua pakiti, chupa au kipande cha mmea uende nacho. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, wala maziwa "kuvunja sumu." Chumvi yenyewe ni sumu kwake, na maziwa hayavunji kitu.

Kwa paka aliyevuka miaka 8 au 10, daftari lako liwe na safu moja ya ziada: uzito. Panda mzani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, toa hesabu. Kama mzani wako hauoneshi gramu, mweke kwenye kikapu uende kwa muuza duka mwenye mzani wa kidijitali. Rudia kila baada ya wiki mbili. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7, na jicho linalomwona kila siku haliligundui hilo.

Halafu soma uzito pamoja na hamu ya kula na maji. Anakonda, anakunywa maji mengi kuliko zamani, mchanga wake unalowa haraka: fikiria figo, na kisukari pia. Anakonda huku anakula kwa ulafi, hatulii, analia usiku: tezi ya shingo, thairoidi, huenda inafanya kazi kupita kiasi. Anakonda, anatapika, kinyesi kimelegea, vipimo vya damu havisemi kitu: hapo huenda kuna uvimbe sugu wa utumbo, au saratani ya utumbo inayokwenda polepole, na hizi mbili zinafanana mno kiasi kwamba mara nyingi ni kipande cha utumbo chini ya hadubini kinachozitenganisha.

Nyumbani ufanye nini kwa paka mkubwa aliyetapika mara moja au mbili, lakini yuko macho, anatembea, anakunywa? Mpumzishe tumbo kwa saa chache, ukimwachia maji kidogokidogo. Kisha mpe kijiko kimoja cha kuku wa kuchemsha, asiye na ngozi, chumvi wala kitunguu. Kikikaa, ongeza baada ya saa mbili. Usimfungishe zaidi ya siku moja. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, huanza kujaza mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo unaweza kuwa mbaya kuliko ulioanza. Kitoto usimfungishe kabisa. Dawa ya kuzuia kutapika ya binadamu usimpe: ukizuia kutapika kwa paka mwenye uzi tumboni, umeficha tu kinachomuua.

Ukifika kliniki utaulizwa, "Mama, lilianza lini? Anakula? Uzito wa mwezi uliopita?" Fungua daftari, toa simu. Afisa mifugo wa kata anaweza kusaidia kwa minyoo na chanjo, lakini kama hana uzoefu na paka mwombe akuelekeze mbele, maana dawa nyingi za ng'ombe hazina kipimo salama kwa mnyama wa kilo tatu. Kwa kesi ngumu zipo hospitali za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Kipimo cha kinyesi na damu, chenye figo, ini na sukari, huja kwanza. Kwa mzee, omba na thairoidi. Eksirei na ultrasaundi zinafuata palipo na shaka ya kuziba au uvimbe. Kama mfuko hauruhusu vyote, mwambie daktari wazi una kiasi gani, aanze na kile ambacho daftari linaelekeza.

Vipimo vikirudi safi na paka bado anatapika, kinachobaki cha kujaribu kabla ya kisu ni chakula. Chagua nyama ambayo hajawahi kula, kwa wengi wetu sungura au bata, kwa sababu kuku, ng'ombe na samaki ndivyo vinavyoongoza kwa kukataliwa na mwili wa paka. Mpe hiyo tu, isiyo na viungo, kwa wiki 8, na mwombe daktari akupe virutubisho vya kuchanganya, maana nyama tupu haimtoshi kwa muda wote huo. Tumbo lenye mzio huanza kutulia ndani ya wiki mbili au tatu. Jaribio hili huharibiwa na watu wawili: mtoto anayedondosha kipande cha samaki chini ya meza, na jirani anayemwonea huruma. Zungumza nao mapema. Akitulia, mrudishie chakula cha zamani kwa siku chache. Kutapika kukirudi, umepata chanzo. Kusipotulia hata baada ya wiki 8, rudi kliniki na daftari lako, ombeni ultrasaundi na kipimo cha kipande cha utumbo.